UKURASA WA AFYA: Mrija Uliotumika Mara Moja Huenda Wapi?



Ndugu wa wagonjwa hutuuliza: "Sista, mrija huu tumeununua kwa bei kubwa, umetumika nusu saa tu, mbona mnautupa?" Swali ni la haki. Mwezi huu tunapenda kulijibu, pamoja na lile linalolifuata: ukishatupwa, unakwenda wapi?

Kwanza tueleze tiba yenyewe. Siku hizi mtu mwenye jipu ndani ya ini, au ambaye njia ya mkojo imeziba, si lazima apasuliwe kila mara. Daktari huangalia ndani ya mwili kwa ultrasaundi, eksirei au mashine ya CT, huku akipitisha sindano ndefu, waya mwembamba, kisha mrija, katika tundu dogo la ngozi. Usaha au mkojo hutoka, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza mwaka 2019 kutoa shahada ya tiba hii kwa madaktari. Ni neema kubwa. Ila kidonda ni kidogo na taka ni nyingi: mirija, waya, mabomba ya sindano, glavu, magauni na vifungashio vyake.

Mrija hatuutumii kwa mgonjwa mwingine, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Ndani ni mwembamba mno, damu hubaki na haisuguliki. Ukichemshwa, plastiki huharibika. Homa ya ini B na C na virusi vya UKIMWI hupita kwa njia hiyo. Hapo hatuna mjadala.

Basi huchomwa. Mirija na mifuko mingi ya hospitali ni ya plastiki iitwayo PVC, yenye klorini. Ikichomwa kwa moto hafifu shimoni hutoa sumu ya daioksini, ambayo hutua kwenye majani, huliwa na ng'ombe, na huturudia katika maziwa na nyama. Sumu hiyo huweza kuleta saratani. Tanuri la kufaa huhitaji joto la nyuzi 850 au zaidi, na si kila hospitali inalo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza kinachofika motoni. Pakiti ikishafunguliwa imeharibika, hata kama kilichomo hakikuguswa. Wapo madaktari waliozoea kufunguliwa waya tatu "kwa tahadhari", wakatumia mmoja. Ni afadhali pakiti ziwekwe karibu zikiwa zimefungwa, zifunguliwe daktari anapoomba. Kwa maoni yetu hakuna hatua inayozidi hii, na haina gharama.

Kazi ya pili ni kutenganisha. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kilo 100 za taka za hospitali, kama 85 ni za kawaida, kama za nyumbani. Lakini pamba moja yenye damu ikitupwa kwenye pipa la karatasi, pipa zima linakuwa la hatari. Nanyi mnaokuja kuona wagonjwa, maganda ya ndizi msiyatie kwenye pipa la njano!

Iko pia dawa yenye madini joto, inayochomwa mwilini ili mishipa ionekane katika picha. Figo zikiwa nzima, karibu yote hutoka kwa mkojo ndani ya saa 24, na mitambo ya kusafisha maji haiiondoi vizuri. Huko Ujerumani zipo hospitali zilizojaribu kuwapa wagonjwa mifuko ya kukojolea. Sisi tunaweza kuanza kwa kupima kipimo sawasawa, na kutomwaga masalio kwenye sinki.

Ultrasaundi haina mionzi wala haihitaji umeme mwingi, na majipu mengi hutolewa usaha kwa msaada wake. Daktari akiichagua badala ya mashine kubwa, msidhani amewapunja.

Mwisho, mkija hospitali njooni na picha zenu za zamani. Daktari akiiona ya mwezi uliopita, huenda asihitaji nyingine. Filamu za eksirei msizichome, na watoto wasizitumie kutazama kupatwa kwa jua, kwani hazikingi macho.