Pombe Yenye Sumu: Msako Una Mwisho Wake

Mei 2014, Embu ilizika makumi ya watu waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli. Baadhi ya walionusurika walipofuka. Februari 2024 balaa hilo likawafikia majirani wa Kangai, Kirinyaga, na mwezi uliofuata serikali ikasimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali za bei nafuu ili wakaguliwe upya.

Sheria hazikosekani. Ile ya vileo ya 2010 iliruhusu hata chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Bangi na heroini zina sheria yake ya 1994, nayo NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipewa mamlaka kwa sheria ya 2012. Sera ya Julai 2025 inapendekeza umri wa kununua pombe upandishwe hadi miaka 21. Kwa sheria iliyopo, ungali 18.

Kuna wanaouliza: mbona mnasaka chang'aa na kuacha miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere? Hayo ni mazao halali, na ndiyo karo ya shule ya nyumba nyingi. Mombasa ilipopiga marufuku muguka Mei 2024, Rais alisema amri hiyo haina nguvu. Lakini uhalali wa zao haumpi muuzaji ruhusa ya kumuuzia mtoto.

Turudi kwenye methanoli, maana hapa ndipo msako unapofika mwisho. Chifu anaweza kumwaga mitungi asubuhi. Aliyekunywa jana usiku tayari anayo mwilini. Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi, kwa kuwa inafanana na pombe ya kawaida. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho. Kazi hiyo huchukua muda, mara nyingi saa 12 hadi 24, hivyo mtu hulala akidhani ni ulevi tu. Akiamka anatapika, tumbo linamkata, anahema kwa kasi na kuona ukungu. Ikiwa alichanganya na pombe nyingine, dalili huchelewa zaidi.

Familia nyingi humficha mgonjwa kwa kuogopa polisi, au humpa maziwa. Maziwa hayaondoi methanoli. Hospitalini ipo dawa ya kuzuia ini lisiitengeneze asidi hiyo, na katika hospitali ya rufaa damu husafishwa kwa mashine. Saa zinazopotea nyumbani ndizo zinazopofusha na kuua.

Mweleze daktari ukweli: alikunywa nini, wapi, saa ngapi. Kazi yake ni kutibu. Beba chupa au kibuyu kilichobaki, hata kama kina matone tu. Anayetaka msaada wa kuacha kileo apige 1192, laini ya NACADA isiyolipishwa. Na wote waliokunywa pamoja na mgonjwa watafutwe saa hiyo hiyo, pamoja na yule anayejiona mzima.