Mtoto Njiti Hamiminiwi Maziwa

Kijitabu hiki ni cha mama, baba, bibi na yeyote anayeachiwa mtoto nyumbani.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37. Wengi, hadi kufikia wiki ya 34 hivi, hawajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Ndiyo maana wodini hulishwa kwa mpira wa puani.

USIMMIMINIE

Usimmiminie maziwa mdomoni. Usimbane pua ili ameze. Usimlishe akiwa amelala chali, akilia au akisinzia. Njiti akipaliwa anaweza asikohoe kabisa. Maziwa yanaingia mapafuni nanyi mnadhani ameshiba. Utasikia, "Hana nguvu huyo, msaidieni ameze." Huo si msaada. Wodini tunawapokea watoto wa namna hiyo kila mara, midomo imegeuka bluu. Usimmiminie.

KIKOMBE

Mlishe maziwa uliyokamua kwa kikombe. Kikombe kidogo cha kahawa kinatosha. Kioshe kwa sabuni, kichemshe. Nawa mikono. Mpakate akiwa karibu wima, ushike shingo na mabega yake. Ukingo wa kikombe ukae kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse midomo tu. Subiri. Atatoa ulimi alambe mwenyewe. Akipumzika, pumzika nawe. Mengine yatalowesha khanga. Heri yaloweshe khanga.

CHUPA YA NYONYO

Hapana.

TITI

Mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, hata kama bado analishwa kwa mpira. Alambe chuchu, avute mara mbili tatu, aache. Hapo anajifunza. Titi likijaa sana, kamua kidogo kwanza, maziwa yasimrukie kooni. Kama bado hanyonyi, kamua kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku pia, la sivyo maziwa yatapungua. Mlishe kwa saa hizohizo. Mwamshe, maana njiti anaweza kuwa na njaa asilie. Asipewe maji, glukosi, uji, asali wala maziwa ya ng'ombe.

KIMBIENI KITUONI

Midomo ikiwa bluu, akihema haraka au kukoroma, tumbo likivimba, akitapika kijani, akipoa au kuchemka mwili, au akigoma kula mara mbili mfululizo. Msingoje asubuhi. Mbebeni kifuani, na njiani msimmiminie chochote mdomoni.