Vipande Visivyolingana Katika Kujiundia Ndege Ndogo

Katika nchi kadhaa, hasa Marekani, raia wa kawaida huruhusiwa kujiundia ndege kwa vipande anavyouziwa pamoja na michoro yake. Chama cha waundaji hao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa Wisconsin mwaka 1953, na kanuni za Marekani zataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na waundaji wenyewe, kwa kujielimisha au kujiburudisha. Karibu kila muundaji hufikia siku ambayo ubavu wa bawa haukai mahali pake, au tundu la bamba haliangaliani na tundu la mhimili. Je, avute kwa nguvu mpaka viungane? Somo hili laeleza kwa nini sayansi yajibu hapana.

Mkazo uliofichika

Hebu tuchukue bamba la alumini lenye urefu wa mita 1, lililopungua milimita 1 tu. Likivutwa mpaka lifike na kufungwa kwa ribiti, kila milimita mraba ya bamba hilo itabeba kani ya nyutoni 73 hivi. Hiyo ni takriban robo ya nguvu ambayo aloi ya alumini na shaba itumiwayo sana katika ndege huhimili kabla ya kubadilika umbo kwa kudumu. Mkazo huo hauonekani kwa macho, wala hauondoki. Ndege ingali chini, metali tayari imebebeshwa mzigo. Ikiruka, mizigo ya upepo na mitetemo huongezwa juu yake.

Tena, alumini huchoka. Mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi huweza kuanzisha ufa, na ufa hupenda kuanzia ukingoni mwa tundu au penye pembe. Jambo hili lilithibitishwa Uingereza katika uchunguzi uliofuata kuanguka kwa ndege mbili za abiria za aina ya Comet mwaka 1954.

Kutafuta chanzo

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutua chombo na kuuliza: kwa nini havilingani? Muundaji ahakikishe namba ya kipande na kwamba hakuchanganya cha kulia na cha kushoto. Apapase kingo, huenda kuna makombo ya metali yaliyoachwa na keekee, au pembe ya ubavu inagota kwenye mkunjo wa kipande kingine. Huko tupa itatosha.

Asisahau joto. Mita 1 ya alumini hurefuka milimita 0.023 kwa kila nyuzi 1 ya sentigredi. Bamba la mita 2.5 lililoachwa juani, likiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya mhimili uliokaa kivulini, litazidi kwa milimita 1.15. Vyote viachwe mahali pamoja vipate joto moja, kisha vipimwe upya.

Hatimaye vipande vyote vishikizwe kwa vibanio vya muda, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kabla ya kugonga ribiti hata moja.

Kurekebisha

Pakiwa na pengo, bolti isitumiwe kulifunga. Pengo hujazwa kwa kipande chembamba cha metali ile ile, maana metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huliwa. Unene ukiongezeka, ribiti nayo iwe ndefu zaidi: yenye kipenyo cha milimita 3.2 hutakiwa ijitokeze kiasi cha milimita 4.8 kabla ya kugongwa.

Tundu likienda upande, huweza kupanuliwa lipokee ribiti kubwa zaidi, kwa mfano ya milimita 4.0. Lakini kutoka kitovu cha tundu hadi ukingo wa bamba lazima pabaki angalau vipenyo viwili vya ribiti, yaani milimita 8. Pakiwa na milimita 7 tu, ribiti kubwa haifai. Hapo muundaji amwandikie msanifu wa ndege, au akubali gharama ya kipande kipya. Kila badiliko liandikwe katika daftari la ndege, ili mkaguzi ajue pa kutazama.

Kanuni hii haibagui mkubwa wala mdogo. Mwaka 2020 kampuni ya Boeing iliondoa safarini ndege 8 za aina ya 787 kwa sababu ya kasoro katika viungo vya kiwiliwili, zikiwamo za unene wa vipande vya kujazia. Pengo lililoruhusiwa lilikuwa inchi 0.005 tu, kama milimita 0.13.

Zoezi

Bamba la mita 3 lina joto la nyuzi 15 zaidi ya mhimili wake. Litauzidi kwa kiasi gani? Je, tundu la milimita 3.2 litaangaliana na mwenzake?