HESABU YA NGUVU: MCHEZAJI HODARI APUMZISHWE LINI?



Wengi hudhani kazi ya nahodha ni kuchagua wachezaji kumi na mmoja walio hodari, kisha kuwapanga hao hao kila siku. Leo tupime fikira hiyo kwa kalamu na daftari.

Mwaka 1961 Mmarekani Hal Richman alianza kuuza mchezo uitwao Strat-O-Matic. Ni besiboli ya mezani, yaani mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, lakini huchezwa kwa kadi na dadu. Kila kadi ni mchezaji mmoja. Katika mchezo huo, mrushaji akiachwa uwanjani mno huhesabiwa kuwa amechoka, na wapinzani humpiga kwa urahisi. Basi kuwa na kadi nzuri hakutoshi. Yapasa kujua kuzipumzisha.

Nasi tutunge ligi yetu ya karatasi, ya kandanda. Kanuni ni hizi:

1. Mchezaji hodari akiwa mzima ana nguvu 10, wala hazizidi hapo.
2. Mchezo mzima humpunguzia 4; nusu ya mchezo, 2.
3. Kila siku asiyocheza humrudishia 1.
4. Mchezaji wa akiba ana nguvu 7.

Tuna michezo mitatu: Jumapili, Jumatano na Jumamosi. Hodari wetu akicheza yote, ataanza Jumapili na 10, Jumatano na 8, Jumamosi na 6. Jumla ni 24. Sasa tumpumzishe Jumatano, acheze wa akiba. Tunapata 10, 7, na tena 10. Jumla ni 27. Jumatano tumepoteza 1, lakini Jumamosi tumepata 4.

Je, tumpumzishe siku zote? La. Ikiwa Jumatano ndiyo siku ya kushinda au kutolewa, hiyo Jumamosi haitakuwako. Kwanza tazama ratiba, ndipo uandike majina.

Hesabu hizi ni za mchezo tu. Mwili wa mtu hauna namba kifuani. Hapa Bugarama twalijua jambo hili vizuri. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa ndagala huenda ziwani na taa. Aliyerudi ufukweni alfajiri hawezi kuanza na 10 jioni ile, hata akiwa hodari kuliko wote. Usiku wa mbalamwezi hulala nyumbani. Basi nahodha wa timu yenye wavuvi na autazame mwezi pamoja na ratiba, tena amwulize kila mmoja, “Ndugu, umelala?”

Naye anayeulizwa aseme kweli. Kuficha uchovu si ushujaa, maana wenzake kumi ndio watakaolipa. Na anayeketishwa nje asione ametukanwa. Katika Kombe la Dunia, kubadili wachezaji kuliruhusiwa kwanza mwaka 1970 huko Mexico, wawili kwa kila timu. Siku hizi ni watano. Wa akiba naye ni sehemu ya timu.

Zoezi: Hodari wetu akitolewa kila mara baada ya nusu ya kwanza, ataanza Jumatano na Jumamosi na nguvu ngapi? Je, ungefanya hivyo katika mchezo wa mwisho? Toa sababu.