Anachokula buu hufika hadi sahanini pako

Ndoo ya mabaki inayotolewa nyuma ya hoteli ya River Road jioni huwa na mengi: ugali ulioganda, maharagwe, vipande vya chapati, maganda ya viazi, mashina ya sukuma wiki na mchuzi uliokwisha kuchacha. Kwa miaka mingi mabaki kama hayo yamekuwa yakiishia katika jaa la Dandora. Siku hizi kuna wafugaji wanaoyatafuta ili kuwalisha mabuu, ambao baadaye huliwa na kuku, nguruwe na samaki. Basi hata wewe msomaji usiyefuga chochote unahusika, kwa kuwa yai unalokaangiwa huenda lilianzia katika ndoo ile.

Mdudu mwenyewe ni nzi mweusi, mwembamba, anayefanana kidogo na nyigu. Wanasayansi humwita Hermetia illucens, na wafugaji wetu humfupisha kuwa BSF. Asichanganywe na nzi wa nyumbani anayetua chooni kisha akahamia kwenye chapati. Huyu akikomaa haumi, wala hana haja na chakula chetu. Huishi kama juma moja au mawili, akitegemea zaidi akiba aliyojiwekea mwilini alipokuwa buu. Kwa hiyo ulaji wote wa maana hufanyika katika ubuu, nao huchukua majuma mawili, matatu au zaidi. Muda huo hutegemea joto na aina ya chakula.

Tumbo lenye vyumba vitatu

Watu wengi hudhani buu ni pipa tu: ukitia taka, taka inakwisha. Sivyo. Utumbo wake wa kati umegawanyika sehemu tatu, na kila sehemu ina kazi yake. Ya kwanza ina asidi kidogo, na humo wanga wa ugali na viazi huanza kuvunjwa. Ya pili ina asidi kali mno, inayokaribiana na ile ya tumbo la binadamu, pamoja na vimeng'enya vinavyopasua ngozi za bakteria. Hapo ndipo vijidudu vingi vilivyoingia na chakula kilichooza hufia. Sehemu ya tatu haina asidi bali ina hali ya magadi. Humo protini humeng'enywa na virutubisho kufyonzwa.

Katika utumbo huo wanaishi pia bakteria wa kudumu wanaomsaidia buu kusaga chakula, nao hubadilika kulingana na mlo. Ukiwahamisha mabuu kutoka mabaki ya hoteli hadi samadi, jamii ya bakteria tumboni hubadilika pia. Isitoshe, mabuu wanaopewa chakula hafifu, kwa mfano mboga na matunda matupu, utumbo wao hujirekebisha ili kukamua kila kilichomo, lakini gharama yake ni muda. Hukawia kukomaa na huweka akiba ndogo.

Yaliyoonekana Kenya

Hapa kwetu jambo hili limepimwa. Watafiti walioshirikiana na ICIPE, kile kituo cha Kasarani kilichoanzishwa mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kulisha mabuu kwa vyakula vitatu vinavyopatikana kwa urahisi nchini: samadi ya kuku, machicha ya bia na mabaki ya jikoni. Mabuu wa samadi na wa machicha walikuwa na protini ya takriban asilimia 41 ya uzito mkavu. Wale wa mabaki ya jikoni walikuwa na asilimia 33 hivi, lakini mafuta yao yalikuwa mengi zaidi.

Sababu yake si ngumu. Mabaki ya jikoni yetu ni wanga juu ya wanga, na buu hugeuza wanga na sukari kuwa mafuta, hasa aina ile inayopatikana kwa wingi katika nazi. Kuku wa mayai anahitaji protini, kwa hiyo mfugaji anayetegemea ndoo za hoteli peke yake asishangae chakula chake kikipungukiwa. Akichanganya na machicha atapata nafuu. Matumbo ya samaki, ambayo Gikomba hayakosekani, huongeza mafuta ya omega-3 mwilini mwa buu. Mashina magumu na maganda ya mahindi hayamfai sana. Nyuzi zake humshinda, akaziacha ziwe mbolea. Nazo kabichi na tikiti maji huleta maji mengi mno, na buu hupenda chakula chenye unyevu, si supu.

Sumu ipi hubaki?

Hapa ndipo penye hatari. Asidi ya tumboni huua bakteria wengi, ila haiwezi kuyeyusha madini mazito yakatoweka. Kadimiamu, inayopatikana katika baadhi ya betri na rangi, hujikusanya mwilini mwa buu, na risasi pia yaweza kubaki. Tukumbuke kwamba uchunguzi uliotolewa na shirika la UNEP mwaka 2007 uliwapima watoto 328 karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Kwa maoni yangu, taka iliyokwisha kufika jaani haifai kabisa kuwa chakula cha mabuu, hata ikiwa ni ya bure.

Aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwenye mahindi iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004, ina habari tofauti. Majaribio yaliyochapishwa Ulaya mwaka 2017 na 2018 yalionyesha kwamba mabuu waliolishwa nafaka yenye sumu hiyo hawakuihifadhi miilini. Hilo halimruhusu mtu kumwagia kuku wake mahindi yaliyooza. Kuku hana tumbo la buu.

Tangu mwaka 2017 shirika la KEBS lina viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Anayenunua mabuu makavu ana haki ya kumwuliza muuzaji walilishwa nini, na kama walichemshwa kabla ya kukaushwa, maana si bakteria wote wanaokufa tumboni.

Kwa upande wa mwenye hoteli, kazi ni kuweka ndoo mbili badala ya moja, tangu jikoni. Karatasi za plastiki, betri za redio, vizibo vya soda na vijiti vya meno viingie ya pili.