Damu Isiyo na Shahidi

Ndugu zetu, wako waulizao: mtu akiuawa pasipo shahidi wa jicho, je, muuaji aweza kuhukumiwa? Twajibu: aweza, kwa sharti zito.

Mwaka 1949, katika kesi ya Kipkering arap Koske, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliamua kwamba dalili zote sharti zipingane na kutokuwa na hatia, wala zisielezeke kwa njia nyengine yoyote ya akili. Mlango mmoja ukibaki wazi, mshitakiwa hutokea hapo.

Tutazame upande wa Kisumu. Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka shambani kwake Koru mwezi wa Februari 1990. Maiti yake ikaonekana karibu na kilima cha Got Alila, ina jeraha la risasi, nayo imechomwa moto. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya, alishitakiwa, na mwaka 1994 akaachiliwa. Watu walinung'unika, lakini manung'uniko ya barazani si dalili.

Sharia yetu nayo husita. Kwa Imamu Shafi, dalili yenye nguvu pamoja na viapo 50 vya jamaa wa maiti hupasa diya, si kisasi. Na kanzu ya Nabii Yusuf iliyoraruliwa nyuma, ambayo kila mwanafunzi huitaja, ilimtoa mtuhumiwa hatiani, haikumtia.