Vidole Kumi Vinakaa Wapi? Faragha ya Msafiri Mpakani



Binamu yangu aliporudi kutoka kuomba viza ya Marekani, alitusimulia jinsi alivyoweka vidole vyote kumi juu ya mashine. Kisha akauliza: "Sasa alama zangu zitakaa wapi, na kwa muda gani?" Tulicheka. Baadaye, katika somo la maadili, nilitambua kwamba lile lilikuwa swali la haki, tena lina majibu yaliyoandikwa. Karibu tuyatazame pamoja.

1. Tathmini ya faragha ni nini?

Mwaka 2002 Marekani ilitunga sheria inayozitaka ofisi za serikali kuu zifanye tathmini ya faragha kabla ya kuunda au kununua mfumo wa kompyuta unaokusanya taarifa za watu. Mwaka huohuo, sheria iliyounda Idara ya Usalama wa Ndani iliagiza idara hiyo iwe na ofisa mkuu wa faragha.

Tathmini huuliza maswali ya kawaida kabisa. Tunakusanya nini? Kwa lengo gani? Nani ataziona taarifa hizi? Zitatunzwa muda gani? Aliyeandikwa kimakosa atasahihishiwa wapi? Mwaka 2008 idara hiyo iliyapanga mambo haya katika kanuni 8. Mojawapo inasema, kwa maneno mepesi: usikusanye zaidi ya unachohitaji.

2. Mfano: miaka 40 iliyogeuka 15

Mfumo unaojulikana kwa kifupi kama ATS hupokea taarifa ambazo mashirika ya ndege yanazo kuhusu abiria: jina, anwani, simu, namna alivyolipia tiketi. Huzilinganisha na orodha za watu wanaotafutwa na kanuni nyingine, ili ofisa wa mpakani ajue nani amchunguze zaidi.

Novemba 2006 serikali ilitangaza kwamba taarifa hizo zingeweza kutunzwa hadi miaka 40. Watetezi wa haki walipinga. Agosti 2007 tangazo jipya likapunguza muda huo hadi miaka 15. Mwaka huohuo, mwezi Februari, ulikuwa umeanzishwa utaratibu wa msafiri kupeleka malalamiko akisumbuliwa mara kwa mara, kwa mfano kwa sababu jina lake linafanana na la mtu mwingine.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kilichoandikwa hadharani kinaweza kujibiwa. Kilichofichwa hakina wa kukijibu. Pili, mfumo ule ulikuwa umewachuja abiria kwa miaka kadhaa kabla ya tangazo la 2006. Swali lililopaswa kutangulia lilichelewa. Anayeuliza njia akiwa amekwisha potea hulazimika kurudi nyuma.

3. Je, mgeni ana faragha?

Hapa ndipo penye uzito. Katika baadhi ya viwanja vya ndege vya Marekani, kamera hupiga picha ya uso wa abiria na kuilinganisha na picha zilizoko serikalini. Tathmini ya mfumo huo iliyotolewa mwaka 2018 inaeleza kwamba picha ya raia wa Marekani hufutwa katika muda usiozidi saa 12. Picha ya mgeni huweza kutunzwa hadi miaka 75. Binamu yangu ana miaka 27.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Serikali ina wajibu wa kulinda watu wake, na ni kweli kwamba haimjui mgeni kama inavyomjua raia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake; hivyo kutofautisha si dhuluma, iwapo kuna sababu ya kweli. Lakini sababu hiyo lazima itajwe na ipimwe. Kusema tu "huyu ni mgeni" hakutoshi.

Kwa nini hakutoshi? Boethius, katika karne ya 6, alieleza nafsi kwa kuitazama hali yake ya asili yenye akili. Hakutaja uraia. Kama faragha inatokana na hadhi ya nafsi, basi pasi ya kusafiria haiileti wala haiiondoi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 26, unaiweka faragha miongoni mwa haki za kila mtu. Serikali inaweza kuwekea haki hiyo mipaka; haiwezi kudai kwamba haipo.

4. Karatasi pekee haitoshi

Mwaka 2019 ilijulikana kwamba kampuni iliyofanya kazi kwa mkataba na mamlaka ya mipaka ya Marekani ilinakili picha za wasafiri kwenye mitambo yake bila ruhusa, na wadukuzi wakaziiba. Mkaguzi wa ndani alitaja picha takribani 184,000. Kanuni zilikuwepo, aliyepaswa kuzishika hakuzishika. Tena tathmini hufanywa na idara ileile inayotumia mfumo. Ndiyo maana wanahitajika wakaguzi, mahakama, wabunge na wananchi wanaosoma.

Hitimisho

Tathmini ya faragha ni njia ya serikali kujiuliza kabla ya kutenda, mbele ya watu. Thamani yake inaonekana pale inapokubali kubadili jambo, kama ilivyokuwa kwa ile miaka 40. Na kipimo chake kigumu kuliko vyote ni mgeni, kwa kuwa hapigi kura kule. Binamu yangu alikuwa na haki ya kuuliza, na alistahili jibu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni lini kumtofautisha mgeni na raia ni haki, na ni lini ni dhuluma?
2. Parokiani tunaandika taarifa nyingi za waamini. Nani anaziona, na tunazitunza kwa lengo gani?